Umepewa kazi ya usawa na ujumuishi chuoni? Hivi ndo unavyoanza

Naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila mwanzo wa mwaka wa masomo. Mtu kachaguliwa kwenye serikali ya wanafunzi, au ni mhadhiri kijana ambaye mkuu wa idara kamwangalia tu akasema we ndo utashika haya mambo ya usawa, basi anakuja kashika kichwa: naanzia wapi, nahitaji bajeti kiasi gani, niandae semina au? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeweka yote hapa.

Nianze na nilivyochemka mimi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati tulichapa bango, tukachapa na fulana, tukaandaa mkutano Jumamosi kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili. Namba nne kwenye ratiba alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetumia kiti cha magurudumu. Lifti ipo, tena nzima kabisa, ila wikendi inazimwa na mwenye ufunguo hakuwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Sisi juu tunapiga makofi, yeye chini anaandika kwenye grupu "nipo mlangoni, mmefika namba ngapi?" Vijana wanne wakashuka kumbeba. Akakataa, akasema yeye sio gunia, akageuza kiti akaondoka. Tangu siku ile mimi naiona hii kazi hivi: tafuta mlango uliofungwa, mtafute na mwenye ufunguo. Fulana baadaye, kama hela itabaki.

Maana ya maneno, haraka haraka. Utofauti ni kina nani wamo chuoni. Ujumuishi ni kama hao waliomo wanashiriki kweli au wapo wapo tu kama wageni kwenye harusi ya watu. Usawa ndo unaochanganya wengi, wanadhani ni kumpa kila mtu kitu kile kile. Chukua karatasi moja ya mtihani iliyochapwa, mpe anayeona na mpe asiyeona, masaa matatu kila mmoja. Umewagawia sawa, lakini mmoja umempa mtihani na mwingine umempa karatasi tupu. Nadharia inatosha.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

Mtu mmoja mwenye saini. Sio mlezi wa jina, namaanisha mtu ambaye akisaini barua fundi anakuja: mkuu wa kitivo, mlezi wa wanafunzi, naibu wa taaluma, yeyote. Bila huyu utazunguka na barua mpaka uhitimu.

Nakala ya sera ya chuo, kanuni za mitihani na fomu ya udahili, na uzisome. Mara nyingi unachotaka kudai tayari kimeandikwa mle miaka iliyopita na hakuna aliyekitekeleza, na kudai kitu kilichoandikwa ni rahisi kuliko kuomba kipya.

Sheria ya nchi uliyopo. Hapa watu wanapotea kwa sababu wanakopi sera ya chuo cha nchi nyingine wanaibandika. Marekani, mahakama ya juu kabisa ya nchi iliamua Juni 2023, kwenye kesi za Harvard na North Carolina, kwamba vyuo haviwezi tena kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha kumdahili. Brazili ni kinyume, sheria ya mwaka 2012 inavitaka vyuo vikuu vya serikali kuu vitenge nusu ya nafasi kwa waliosoma sekondari za umma. India nafasi za kutengwa kwa makundi yaliyobaguliwa kwa muda mrefu zimo hadi kwenye katiba. Kwa hiyo jambo ambalo huku ni lazima kule ni kosa, soma ya kwako kwanza. Upande wa ulemavu kidogo afadhali, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unagusa elimu kwenye kifungu cha 24, vyuo vikuu vimo, na nchi nyingi zimeuridhia. Kichapishe hicho kifungu, kitakusaidia.

Wenzako watano mpaka wanane, wasiwe wote marafiki zako na wasiwe wote wa mwaka mmoja. Ongeza mtumishi mmoja wa ofisi ya msajili, huyo anajua faili lipo wapi.

Futi kamba na simu yenye hedifoni. Utaona zinafanya nini.

Na semista moja nzima. Ukiahidi mabadiliko ndani ya wiki mbili watu watakuzoea kama tangazo la redio.

Hatua ya 1: Tembea njia ya mwanafunzi, mwanzo mpaka mwisho

Usianze na dodoso. Anza na miguu. Chukua safari yote, kuanzia fomu ya kuomba chuo mpaka siku ya matokeo, na uipite kama vile wewe ni mtu ambaye chuo hakikumfikiria.

Fungua fomu ya maombi kwenye simu ya kawaida, sio kompyuta ya ofisi. Washa programu ya kusoma skrini iliyomo humo humo kwenye simu, TalkBack kwa Android, VoiceOver kwa iPhone, vaa hedifoni, funga macho, jaribu kujaza. Mimi nilikwama kwenye kitufe cha tatu. Kilikuwa kinasema "picha, picha, kitufe" na mimi sijui nimebonyeza tuma au futa.

Afu toka nje na futi kamba. Mlango ukiwa na upana wa chini ya sentimita 80 hivi ukifunguliwa, kiti cha magurudumu kinapita kwa kukwaruza vidole au hakipiti kabisa. Rampu kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni moja kwa kumi na mbili, yani kila sentimita 1 ya kwenda juu unahitaji sentimita 12 za urefu. Fanya hesabu: ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, rampu yake iwe mita 5 na sentimita 40. Sasa nenda kaangalie ile iliyopo. Nyingi nilizopima zilikuwa na mita mbili, hiyo ni telezi ya watoto, mtu akishuka peke yake anaishia kwenye maua.

Fungua choo kilichoandikwa cha wenye ulemavu. Kama ndani kuna madekio, ndoo na viti vibovu, piga picha, hilo ndo jambo lako la kwanza na halihitaji bajeti yoyote, linahitaji mtu wa usafi apewe stoo nyingine.

Endelea: hosteli, maktaba, kaunta ya kulipia ada (dirisha lipo juu kiasi gani?), maabara, chumba cha mtihani, taa za njia ya kutoka maktaba usiku. Hiyo ya taa msiipite haraka, wanafunzi wa kike wengi wanaacha kusoma usiku sababu ya kipande cha njia cha mita hamsini tu chenye giza.

*Kosa la kawaida:* kutembea peke yako halafu ukajifanya umejua. Mwombe anayetumia kiti, asiyeona, mwanafunzi mwenye mtoto mchanga, mtembee nao kama wako tayari. Wataona vitu ambavyo wewe umevipita miaka mitatu.

Hatua ya 2: Omba takwimu, ila angalia mtiririko

Chuo kitakupa namba moja nzuri, "asilimia fulani ya wanafunzi wetu ni wanawake," na utaambiwa basi tumemaliza. Hapana. Omba namba kwa hatua: walioomba, waliochaguliwa, walioripoti, waliovuka mwaka wa kwanza, waliohitimu. Zigawe kwa jinsia, kwa ulemavu, kwa wale ambao ni wa kwanza kwenye familia yao kufika chuo kama hiyo taarifa ipo, na kwa kozi, maana wastani wa chuo kizima unaficha mengi.

Tuseme kwenye kozi fulani wanaanza wavulana 100 na wasichana 100, wanahitimu wavulana 85 na wasichana 60. Tatizo lako sio udahili, usiende kupoteza hela kutembelea sekondari kuhamasisha wasichana. Wamekuja. Kuna kitu humo ndani kinawatoa. Lakini kama walioomba ni wasichana 15 na wavulana 300, hapo sawa, toka nje ukatafute.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, kundi likiwa chini ya watu watano usitoe namba zao hadharani, maana ukiandika "wanafunzi wawili wenye ulemavu wa akili kozi ya uhandisi" umewataja majina bila kuwataja. Ya pili, ukikusanya taarifa mwenyewe uliza tu kile utakachokitumia, weka chaguo la "sipendi kusema," na usiulize dini au kabila kwa udadisi tu. Kuna sehemu taarifa hiyo ikivuja mtu anaumia kweli.

Hatua ya 3: Sikiliza watu bila kuwafanya maonyesho

Usimwinue mtu mmoja mbele ya ukumbi ukamwambia "hebu tuambie viziwi mnajisikiaje." Yeye ni mmoja, hajachaguliwa na viziwi wote. Kaeni watu wanne watano, sehemu wanayoifikia kirahisi, muda usiogongana na vipindi, mkalimani wa lugha ya alama awepo kama anahitajika, na waambie mwanzoni kabisa nini kitaandikwa na nini hakitaandikwa.

Swali lako ndo kila kitu. Ukiuliza "mna changamoto gani?" utajibiwa kama kwenye hotuba, changamoto ni nyingi, tunashukuru. Mimi nauliza hivi: wiki iliyopita ni kitu gani kilikupotezea muda ambao mwenzako wa pembeni hakuupoteza? Hapo mtu anatulia, anafikiri, afu vinaanza kutoka vitu vyenyewe. Mmoja aliniambia anatumia dakika arobaini kila siku kuzunguka jengo kwa sababu mlango wa karibu una ngazi mbili tu. Mwingine mwenye usikivu hafifu, mhadhiri wake anaongea huku kageukia ubao, kwa hiyo kila kipindi anabaki na maneno ya kati kati tu, mwisho wa siku anasubiri daftari la rafiki. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minne alikuwa anakamulia maziwa chooni. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwemo kwenye dodoso letu la kurasa sita.

Na muda wao una thamani. Kama kamati ina hela ya vinywaji vya wageni basi ina hela ya kuwalipa nauli hawa.

Hatua ya 4: Chagua vitatu tu

Orodha yako sasa ina vitu arobaini, najua. Chagua vitatu: kimoja cha kumaliza ndani ya wiki mbili, kimoja cha semista, kimoja cha mwaka. Kila kimoja kiwe na jina la mtu (sio "idara husika," hakuna mtu anayeitwa idara husika) na tarehe.

Cha wiki mbili kwa mfano ni choo kile kisiwe stoo, au ufunguo wa lifti ubaki kwa mlinzi wikendi. Cha semista ni utaratibu mmoja wa kusajili mahitaji ya mitihani. Cha mwaka ni rampu, au chumba cha kunyonyeshea. Kile cha haraka ndo kinakupa nguvu ya kuomba vile vingine, watu wakishaona kitu kimebadilika wanaanza kukuletea taarifa wenyewe.

Hatua ya 5: Ingia darasani

Hapa ndo nataka ukae muda mrefu, kwa sababu mwanafunzi anaishi darasani, haishi kwenye sera. Na mengi ni bure. Andaa ukurasa mmoja wa wahadhiri, ukurasa mmoja jamani, wakiona mbili hawasomi, uweke haya:

1. Slaidi zitumwe kabla ya kipindi. Asiyeona anazisoma mapema, mkalimani anajua istilahi zinazokuja, na yule ambaye lugha ya kufundishia ni ya tatu kwake anapata muda wa kutafuta maneno.

2. Faili liwe maandishi, lisiwe picha ya maandishi. Jaribio lake ni sekunde tano: jaribu kupaka neno moja kwa mausi. Likikataa kupakika basi umeskani picha, na programu ya kusoma skrini kwa kawaida haitasoma chochote. Kwa kompyuta za Windows kuna NVDA, ni ya bure, maktaba isakinishe kwenye mashine zake zote sio moja iliyofungiwa ofisini.

3. Rangi. Maandishi ya njano kwenye kijani, tafadhali tuache. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa angalau 4.5 kwa 1, na zipo tovuti za bure za kupima. Afu usitofautishe kitu kwa nyekundu na kijani peke yake kwenye grafu, kuna wanaume wengi tu hawazitofautishi (kwa wenye asili ya Ulaya kaskazini inakadiriwa mmoja kati ya kumi na wawili), na wengine hata hawajijui.

4. Sema unachoandika. "Hii hapa ukijumlisha na ile pale unapata hii" haina maana yoyote kwa asiyeona ubao. Sema "eksi mraba jumlisha tatu eksi."

5. Tumia maiki hata kama unajiamini una sauti. Anayehitaji hatakwambia mbele ya watu mia mbili. Na mtu akiuliza swali kutoka nyuma, lirudie kwenye maiki kabla ya kulijibu.

6. Darasa likiwa na kiziwi, wageukie watu unapoongea, mwangalie mwanafunzi na sio mkalimani, na kwa vipindi virefu wanahitajika wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini hivi, mikono na ubongo vinachoka. Chuo kikimlipa mmoja kwa masaa matatu kitapata tafsiri ya saa moja.

7. Makundi ya asaimenti yapange mwenyewe, angalau nusu ya mara. Ukisema "chaguaneni" wale wale wanabaki kila wiki wamesimama katikati ya darasa na begi mgongoni. Na angalia majukumu: msichana anapewa kuandika kwa sababu "we una mwandiko mzuri," mvulana anashika kifaa. Semista nne za hivyo mmoja anahitimu anajua maabara mwingine anajua kuandika ripoti. Zungusheni.

8. Majina. Uliza linatamkwaje, liandike pembeni ya orodha, ukikosea omba radhi endelea. Kumwita mtu "wewe mwenye jina gumu" miaka minne sio utani.

Vitabu navyo visikukwamishe. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu taasisi zinazotambulika kwenye nchi zilizojiunga kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti au za kielektroniki kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara. Mkutubi akikwambia haiwezekani, mwombe aangalie kama nchi yenu imo.

Hatua ya 6: Mitihani

Usajili wa mahitaji ufanyike mara moja, sehemu moja, basi. Kinachoua watu ni kuzunguka na cheti cha daktari kwa wahadhiri saba kila semista, unajieleza saba, na wa saba anakuuliza "mbona unaonekana mzima?" Ofisi moja ipokee, itoe barua isiyotaja ugonjwa, inataja tu kinachohitajika: muda wa ziada (vyuo vingi vinaanzia robo ya muda wa mtihani), karatasi ya maandishi makubwa, chumba cha peke yake, mtu wa kumwandikia majibu.

Sahihisheni kwa namba sio kwa jina pale inapowezekana. Angalieni kalenda ya sikukuu za dini zote za wanafunzi wenu kabla ya kupanga ratiba, sio baada ya malalamiko. Na wekeni wazi anayejifungua karibu na mtihani anafanyaje, kwa maandishi, asitegemee huruma ya msimamizi wa siku hiyo.

Hatua ya 7: Ajira na nani anachaguliwa

Kama uko upande wa wahadhiri hii inakuhusu sana. Wengi wanaamini wao wanaangalia sifa tu. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Corinne Moss-Racusin walituma maombi ya kazi yale yale, neno kwa neno, kwa wanasayansi 127 wa vyuo vya Marekani, nusu yakiwa na jina John, nusu Jennifer. John akaonekana ana uwezo zaidi na akapangiwa mshahara mkubwa zaidi, na waliopendelea walikuwa wanaume na wanawake vile vile. Kabla ya hapo, 1997, Christine Wennerås na Agnes Wold walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba mwanamke aliyeomba ufadhili wa utafiti wa tiba Uswidi alihitaji kuwa na machapisho kama mara mbili na nusu zaidi ili apewe alama za umahiri sawa na mwanaume. Uswidi hiyo.

Dawa yake ni utaratibu: vigezo viandikwe kabla ya kufungua maombi, maswali yawe yale yale kwa kila mtu, kila mjumbe ajaze alama zake kwenye karatasi kabla ya mazungumzo (kabla! bosi akishasema "huyu ananivutia" wengine wote wanamfuata), na neno "anaendana na sisi" lisikubalike bila kufafanuliwa.

Hatua ya 8: Njia ya kulalamika

Fupi tu hapa. Sanduku la maoni lenye kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo sio njia. Weka majina ya watu wawili wa jinsia tofauti, namba zao, muda wa kujibu, na sentensi moja inayosema wazi kwamba kumlipizia mlalamikaji ni kosa. Mlalamikiwa asiwe ndiye anayesahihisha mitihani ya mlalamikaji wakati suala linaendelea. Na we kama kamati usijifanye mpelelezi, hasa kwenye unyanyasaji wa kingono, peleka kwa wenye mamlaka na mtu apate msaada kwanza.

Hatua ya 9: Rudi upime

Mwisho wa semista chukua futi kamba na simu ile ile, pita njia ile ile. Andika nusu ukurasa: tulisema vitatu, kimoja kimekamilika, kimoja nusu, kimoja bado na sababu ni hii. Bandika sehemu ambayo watu wanapita.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Semina ya lazima kwa wafanyakazi wote kama dawa ya kila kitu. Frank Dobbin na Alexandra Kalev, ambao wamefuatilia makampuni ya Marekani kwa miaka mingi, waliandika 2016 kwamba mafunzo ya kulazimisha hayaleti wanachotarajia watu na mara nyingine yanaamsha ukaidi, wakati ya hiari na mipango ya kulea vijana kikazi inafanya vizuri zaidi. Fanya semina, ila isiwe ndo kazi yenyewe.

Kumpiga picha mwanafunzi yule yule mwenye ulemavu kwa kila brosha. Anajua, na wenzake wanajua.

Kuwabebesha kazi yote walioathirika. Mhadhiri pekee wa kike wa idara yuko kwenye kamati sita kwa sababu "tunahitaji sura ya mwanamke," utafiti atafanya saa ngapi?

Ukikwama

*"Uongozi unasema hela hakuna."* Rudi kwenye orodha yako, weka nyota kwenye visivyohitaji hela. Kwangu vilikuwa zaidi ya nusu. Maliza hivyo kwanza, piga picha kabla na baada, halafu peleka ombi la kimoja kinachohitaji hela, kikiwa na vipimo na makadirio ya fundi. Barua yenye "mita 5 na sentimita 40" inajibiwa, barua yenye "tunaomba mazingira rafiki" inafailiwa.

*"Sisi hapa hatuna mwanafunzi mwenye ulemavu."* WHO inakadiria watu bilioni 1.3, mmoja kati ya sita duniani, wana ulemavu mkubwa, kwa hiyo ama wapo na wamejificha, ama hawakuingia. Ed Roberts alipoanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley mwaka 1962 alikuwa amepooza kwa polio na alilala ndani ya mashine ya kupumulia, hosteli hazikuweza kubeba uzito wa hiyo mashine, akapewa chumba kwenye hospitali ya chuo. Baada ya yeye kuingia wakaja wengine kama yeye, wakajaa ile wodi. Mlango ulifunguka kwanza ndo wakaonekana.

*"Mnashusha viwango."* Uliza kiwango ni kipi. Kama somo ni fizikia, kipimo ni kujua fizikia, sio kasi ya kuandika kwa mkono. Kuna sehemu kasi yenyewe ndo ujuzi unaopimwa, hapo mhadhiri ana hoja na msikilize.

*"Wengine wanasema wanabaguliwa sasa hivi."* Usiwacheke. Waonyeshe namba za hatua ya 2, na waonyeshe kinachowagusa na wao: slaidi za mapema, maiki, taa za njiani, vigezo vya ajira vilivyoandikwa. Kama kuna kundi la wavulana wanaacha chuo kwa wingi kuliko wengine kwenye kozi fulani, hilo nalo ni lako.

*"Dodoso limejazwa na watu tisa."* Liache. Tisa waliojaza waombe mkae, utapata zaidi.

*"Mhadhiri mmoja amegoma kabisa."* Usianze naye. Anza na watatu walio tayari, wanafunzi wataanza kumuuliza wenyewe mbona kwa fulani slaidi zinakuja mapema. Akiendelea na jambo lipo kwenye kanuni, ndo kazi ya yule mwenye saini.

*"Kamati imekufa, nimebaki mwenyewe."* Imetokea kwangu mara mbili. Futa vikao vya kila wiki, baki na kimoja cha mwezi cha dakika arobaini, na kabla ya kuondoka chuoni andika faili moja: nani ana ufunguo wa nini, namba yake, barua zipi zimejibiwa na zipi bado. Mlinzi wa lifti awe wa kwanza kwenye orodha.